Vishikizo vya Ndege na Chuma cha Ufipa

Tangu Burt Rutan alipoonyesha ndege yake VariEze mwaka 1975, watu wengi ng'ambo wamejiundia ndege za nyuzi za kioo na gundi, hata vishikizo vya chuma vya kufungia injini wakivitengeneza wenyewe. Siulaumu ufundi wa nyumbani. Lakini chuma kisichojulikana asili yake kisibebe injini angani. Wahunzi wa Ufipa walilitambua jambo hili: chuma kilichotoka katika malungu, yale matanuri marefu yasiyovukutwa, hakikufuliwa jembe papo hapo, kilipashwa moto tena kwa mivukuto katika tanuri dogo, kintengwe, ili takataka zitoke. Walimu wa Sumbawanga, kabla ya kuandika kanuni za mkazo ubaoni, wapeni wanafunzi nyaya mbili za unene mmoja, zenye asili mbalimbali, wazitundikie mawe mpaka zikatike.