Mtu Mmoja Jukwaani: Haiko Mambo ya Wazungu

Katika mikutano ya utamaduni tunasikia kila mara maneno yale yale. Mtu akisimama peke yake jukwaani na kusimulia maisha yake, wengine wanatikisa kichwa. Eti hiyo haiko desturi yetu. Eti ngoma ni ya kijiji kizima, na anayesema «mimi, mimi» anajisifu bure. Sisi tunakataa.

Tumuangalie mtoto wa kwetu, Faustin Linyekula. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakomaa Kisangani, akasoma huko fasihi na teatre. Iniversite zilipofungwa, akaenda Nairobi mwaka 1993. Mwaka 1997 akaanzisha huko, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, kundi la Gàara, la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mwaka 2001, vita haijaisha, akarudi Kinshasa na kufungua Studios Kabako. Mwaka 2006 akahamishia kazi yake Kisangani. Kabako ni jina la rafiki yake marehemu. Kumupa marehemu jina la nyumba ili asisahaulike, hiyo ni desturi ya nani kama si yetu?

Mwaka 2011 alitoa Le Cargo. Yuko peke yake, anaongea, anacheza. Anasimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma za zamani. Hapo ndipo watu wanasema: ni Uzungu.

Basi watujibu hili. Mwaka 1956, huku Kivu, kati ya Banyanga, mzee Candi Rureke alitoa utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12, Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiuandika. Rureke aliimba, alicheza, alijifanya Mwindo mwenyewe. Na katikati ya hadithi alijitaja yeye, Rureke, akaongea na waliomuzunguka. Wapiga ngoma na waitikiaji walikuwa karibu, ndiyo, lakini hadithi ilibebwa na mtu mmoja. Nani alimuambia: nyamaza, unajisifu?

Tofauti iko, hatuikatai. Rureke alisimulia shujaa wa wote, Linyekula anasimulia maisha ya mtu wa kawaida. Lakini sisi tuliopita katika vita tunajua kwa nini. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Raia waliokufa walihesabiwa katika maripoti, na ripoti inatoa hesabu tu. Kusema «nilikuwa hapa, huyu alikuwa rafiki yangu» ni kazi ya mtu mwenye sauti.

Na hiyo «ngoma ya kijiji kizima» tunayoitetea, tunaijua vizuri? Ballet national ya Zaïre ilianzishwa mwaka 1974, wakati wa Mobutu: ngoma za makabila mbalimbali zikaletwa jukwaani ili taifa lionekane moja. Waliokuwa shuleni ao kazini wakati ule wanakumbuka animation politique: tulicheza wote, tuliimba wote, kwa amri. Mwaka 2019, katika Histoire(s) du théâtre II, Linyekula aliwaita wachezaji wa zamani wa Ballet hiyo waseme wenyewe waliyoishi. Kucheza pamoja ni kuzuri. Lakini umoja ambao hakuna anayeruhusiwa kusema «mimi» unamufaa mkubwa, haumufai babu yetu.

Watatuambia: anaongea Kifaransa, na kazi yake inaonekana zaidi Ulaya. Tuseme ni kweli. Lakini lawama ni ya nani? Mgeni wa serikali akifika, sisi tunaita wapiga ngoma na kuwavalisha raffia. Kijana anayetaka kusimulia jinsi alivyokimbia Walikale ao Bunia, kwa Kiswahili chake, tunamuambia programu imejaa.

Tunaomba basi mashirika yote ya utamaduni, letu likiwa la kwanza: katika kila sikukuu, kabla ya ngoma kubwa, mtu mmoja apewe mkeka na nusu saa. Aseme maisha yake kwa lugha anayoota nayo. Mzee ao kijana, mama wa sokoni ao mwalimu. Na sisi wengine tukae, tuitikie, kama walivyofanya watu wa Rureke.