Sindano ya Nne

Likizo iliyopita nilijifunza jambo ambalo sikulipata darasani, ijapokuwa habari za mbu na malaria tumefundishwa tangu tulipokuwa wadogo. Nilikuwa nyumbani, karibu na Ziwa, nikitafuta karatasi fulani katika mkoba wa mama, nikakuta kitabu cha kliniki cha mdogo wangu. Nilipofungua ukurasa wa chanjo, niliona kwamba chanjo ya malaria ina nafasi nne. Tatu zilikuwa zimeandikwa tarehe. Ya nne ilikuwa tupu, na mtoto alikuwa amekwisha kutimiza miaka miwili na miezi minne.

Nilipomwuliza mama, alinijibu, "Mwanangu, mtoto anatembea, anakula, hana ugonjwa. Nilidhani kliniki imekwisha alipochanjwa surua."

Simlaumu mama, maana wazazi wengi hudhani hivyo. Lakini nataka kueleza kwa nini nafasi ile tupu ni jambo la kuogopwa, na kwa nini nasema kwamba kuijaza ni kazi yetu sisi wanafunzi pia.

Wazee wetu walizoea chanjo ya namna nyingine. Walichanjwa ndui mkononi, likabaki kovu, na kinga yake ilidumu miaka mingi. Chanjo hiyo ilishinda kabisa: mtu wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alionekana Merca, nchi ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Basi si ajabu mtu akidhani kwamba mtoto akichanjwa mara moja au mbili, mambo yamekwisha.

Malaria si hivyo. Mbu anapomwuma mtoto, vijidudu huingia katika damu, na kabla saa moja haijapita vingi vimekwisha kujificha ndani ya ini. Chanjo hufundisha mwili kulitambua vazi la vijidudu hivyo na kuvishambulia mapema, kabla havijafika mafichoni. Sindano tatu za kwanza huandaa askari wengi, lakini askari hao hupungua kadiri miezi inavyopita. Sindano ya nne ndiyo inayowaita tena kazini.

Tusiseme kwa kukisia, tutazame hesabu. Chanjo ya kwanza, iitwayo RTS,S, ilifanyiwa utafiti mkubwa tangu mwaka 2009 hadi 2014 katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Miongoni mwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, na kufuatwa kwa muda wa miaka minne hivi, sindano nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36. Sindano tatu peke yake zilipunguza kwa asilimia 28. Mtu aweza kusema kwamba tofauti hiyo si kubwa. Lakini malaria kali, ile inayomlaza mtoto hospitali na kuweza kumwua, ilipungua kwa asilimia 32 kwa wale wa sindano nne. Na kwa wale wa sindano tatu, hesabu ilipofungwa, karibu haikuonekana nafuu yoyote. Hapo ndipo nilipoitazama tena ile nafasi tupu, nikaogopa.

Kuna watu wasemao, "Chanjo gani hii isiyozuia hata nusu ya ugonjwa? Afadhali tungoje iliyo bora." Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2023 malaria iliua watu karibu 597,000 duniani, walio wengi wakiwa watoto wa Afrika wasiofikia miaka mitano. Ukipunguza theluthi moja ya mzigo mkubwa namna hiyo, umeokoa watu wengi mno. Ghana, Malawi na Kenya zilianza kuitoa chanjo hii mwaka 2019, na hapa kwetu ilianzia Homa Bay mwezi wa Septemba. Miaka iliyofuata ilionekana kwamba katika sehemu zilizoipata, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilikuwa pungufu kwa asilimia 13. Tena, chanjo ya pili, iitwayo R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi wa Oktoba mwaka 2023, nayo yataka sindano nne. Kwa hiyo anayengoja nyingine hatakwepa safari ya nne.

Wengine husema dawa zipo, mtoto akiugua atatibiwa. Kweli zipo, na tushukuru. Lakini klorokwini nayo ilikuwa dawa ya kutegemewa, hata vijidudu vikaizoea, na Kenya ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 1998. Dawa yafaa, chandarua chafaa, chanjo yafaa. Hakuna hata kimoja kinachotuachilia tukitupe kingine.

Sasa, kwa nini namwambia mwanafunzi? Mpango ulipoanza Kenya, watoto walichanjwa wakiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Tazameni nafasi iliyopo kati ya ya tatu na ya nne. Katika miezi hiyo kumi na mitano mtoto amejifunza kutembea na kusema, pengine mwingine amezaliwa, mama amerudi sokoni, na kituo cha afya ni mbali. Kila mahali chanjo ilipoanzia, waliorudi kwa sindano ya nne walikuwa wachache kuliko waliopata ya kwanza. Hawa si wazazi wasiopenda watoto wao. Ni watu wenye kazi nyingi, ambao hawakukumbushwa.

Nasi tunaweza kukumbusha. Tunachora mbu katika mtihani na kupata alama nzuri, kisha tunakwenda likizo tukalala nyumba moja na kitabu cha kliniki tusichokifungua. Elimu ya namna hiyo yamfaa nani? Naomba, shule ikifungwa muhula huu, kila mmoja wetu asome kitabu cha kila mtoto wa nyumbani kwao, na akiona nafasi tupu, awaambie wazazi kwa adabu. Waalimu wetu nao watukumbushe siku ya gwaride la mwisho. Na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili, msione kwamba mtoto amewakosea heshima akiuliza habari za mdogo wake.

Kesho yake nilimbeba mdogo wangu, tukaenda na mama kituoni. Muuguzi hakutugombeza, alisema kuchelewa ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Mtoto alilia kidogo, akapewa ndizi, akanyamaza. Tarehe iliandikwa, na nafasi ya nne ikajaa.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sindano tatu ni kuvua nguo. Tuoge.