Mtani wa kweli hasusi jumuiya

Jumapili ya Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa mkoani kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Simba iliifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, huku Yanga ikiwa pungufu baada ya Mukoko Tonombe kupewa kadi nyekundu. Mechi kama hiyo haiishi dakika ya 90. Inaendelea kijiweni, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya Misa.

Sina ugomvi na utani huo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tumecheka pamoja miaka yote hiyo. Lakini utani wa mababu zetu ulikuwa na pande mbili. Mtani alikucheka hata msibani, na huyohuyo ndiye aliyeshika jembe kuchimba kaburi.

Leo tumebaki na upande mmoja. Tunazomea, tunamtukania mtu mzazi wake, kisha tunashangaa haonekani kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo wiki mbili. Hapo si utani tena. Tumempoteza ndugu kwa sababu ya bao.

Ndugu Wakristo wa Titye, na ninyi mafrateri mnaobishana bwenini: timu yako ikishinda, shangilia. Kesho yake mpitie mtani wako nyumbani, mwende jumuiya pamoja. Akinuna, mbebee kiti.