Majivu Yasitupwe

Kila msimu wa mavuno unapokwisha, moshi hutanda pembezoni mwa Juba. Mabua ya mtama, magunzi ya mahindi na maganda ya karanga huchomwa pamoja na takataka za kila namna, kisha majivu huachiwa upepo. Hazipiti siku nyingi mkulima yule yule huingia sokoni kutafuta dawa ya fukusi, na huenda akauziwa unga uliofungwa katika nailoni, usio na jina wala maelezo, akauchanganye na maharage yatakayoliwa na wanawe.

Sisi twaona jambo hili halifai kuendelea. Mji unaongojea malori ya Nimule hauna hata gunia moja la kuwaachia wadudu. Majivu makavu yaliyopoa na kuchekechwa, yakichanganywa kwa wingi na nafaka iliyokauka vema, huziba nafasi baina ya punje hata mdudu asipate njia. Tena chembe zake hukwaruza nta inayouhifadhi mwili wake, akakauka na kufa. Bibi zetu walilijua hilo zamani. Viwavijeshi vamizi walipoingia Sudan Kusini mwaka 2017, wako wakulima wa Afrika waliowanyunyizia majivu ndani ya kikonyo cha mhindi.

Jirani zetu wa Kenya hawakudharau makapi. Maua ya pareto yakisha kutolewa dawa, mabaki yake yametumika kutengenezea dawa ya kuchoma ya kufukuzia mbu. Nasi hapa Juba twafagia matunda ya mwarobaini kama uchafu, ilhali mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta yake yana kiini kinachomzuia mdudu asile wala asijivue gamba.

Lakini tusidanganyane. Majivu ya mabua yaliyochomwa pamoja na plastiki hayafai kuguswa na chakula. Maji ya mabua ya tumbaku huua wadudu, nayo ni sumu kwa binadamu vile vile. Wala majivu peke yake si kinga ya kutegemewa dhidi ya dumuzi.

Kwa hiyo vipimo vyatakiwa. Chuo Kikuu cha Juba kinao wataalamu wa maliasili. Na wapime ni madebe mangapi ya majivu yatoshayo gunia la mtama, na kwa miezi mingapi. Matokeo yatangazwe redioni kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kibari, kabla mabua ya msimu ujao hayajatiwa moto.