Usimwachie mwenyekiti jembe peke yake

Miezi minne iliyopita alikuja kliniki kwangu bwana mmoja wa miaka 41, mfanyakazi wa benki, akilalamika kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Nilipompima nikakuta shinikizo la damu ni 164 kwa 102. Nikamwacha apumzike robo saa, nikampima tena: 160 kwa 100. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge mabichi, jambo lisilo la kawaida kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu pesa. Sikuhitaji kumwuliza ameyapata wapi. Bwana huyu ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli za milimani, na siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameshinda msituni na jembe akizibua mitaro ya maji, huku mimi na wenzangu tukipita kando yake kwa baiskeli na kumpungia mkono.

Amenipa ruhusa nieleze habari zake mradi nisimtaje jina.

"Bwana Mwenyekiti," nilimwuliza, "mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa lini?"

Akafikiri kidogo. "Kupanda kwa kuwafuata watu nyuma, ni Jumamosi. Kupanda kwangu mwenyewe, Daktari, labda mwaka jana."

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie, msomaji, hata kama wewe binafsi hujawahi kukanyaga pedali tangu utotoni. Kwa miaka mingi nimewaambia wagonjwa wangu wafanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilipendekeza mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na mimi huwaandikia hivyo kwenye karatasi kana kwamba ni vidonge. Wengi huikunja karatasi hiyo na kuitia mfukoni, na habari huishia hapo. Wanaoendelea, kwa niliyoyaona mimi, aghalabu ni wale ambao kuna mtu anayewangoja mahali fulani saa kumi na mbili unusu asubuhi ya Jumamosi. Basi dawa naiandika mimi, lakini anayeichanganya ni yule anayengoja langoni, na hakuna anayempima yeye.

Haja ya dawa yenyewe si ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mwenyekiti wetu alikuwa mmoja wa hao. Kwa miaka sita amewafanya wengine wapunguze uzito, na yeye mwenyewe ameongeza kilo nane.

Pengine utauliza, kuna kazi gani hasa katika kupanda baiskeli msituni? Nami niliwahi kufikiri kwamba vijia vile vilikuwepo tu, kama mito. Sivyo. Adui mkubwa wa kijia cha msituni ni maji. Mvua ya masika ikinyesha, maji hutafuta pa kupitia, na kijia kinachoteremka moja kwa moja kutoka juu ya kilima ni mfereji uliokwisha kuchimbwa tayari. Baada ya misimu michache tu, palipokuwa na kijia panakuwa na korongo la kuzamisha goti. Ndiyo maana anayekitunza hukiinamisha kidogo upande wa bondeni ili maji yamwagike kando, na kila baada ya hatua kadhaa hukipandisha kidogo kabla hakijateremka tena, ili maji yasipate mbio. Waliobobea wana kanuni yao: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe. Tena udongo ukiloa inafaa kijia kifungwe kabisa, kwa sababu mitaro ya magurudumu kwenye tope la leo ndiyo njia ya maji ya kesho. Na ni nani atakayewaambia watu arobaini waliokwisha kuvaa helmeti na glavu kwamba leo hatupandi? Ni mwenyekiti, na anayenuniwa ni yeye.

Hayo ni ya jembe na sururu tu. Nyasi lazima zifyekwe. Mti ukianguka kijiani huwezi kuukata bila kupata ruhusa ya wenye msitu. Kuna barua za kuandika, ada za kukusanya kwa simu, wageni wa kufundishwa jinsi ya kushika breki kwenye mteremko, pancha za kuziba, na vichwa vya kuhesabu wakati wa kutoka. Yote haya hufanywa na mtu ambaye Jumatatu saa mbili asubuhi anatakiwa kuwa benki amevaa tai.

Mkazi wa Nairobi hana haja ya kwenda mbali kuona matunda ya watu wa namna hii. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa mahali pa kuogopwa katika miaka ya tisini na baadaye. Majambazi walijificha humo na mpita njia aliharakisha hatua. Mnamo Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipojaribu kupanda miti katika ardhi ya msitu huo iliyokuwa imegawiwa wajenzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipowapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya kijamii vya kutunza misitu, wakazi wa mitaa jirani waliunda chama chao mwaka 2009, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, wakachangisha fedha za uzio, na miaka michache baadaye familia zikawa zinatembea humo na watoto wakijifunza baiskeli. Leo tunakumbuka jina la Profesa, na ni haki yake. Lakini waliokaa kwenye mikutano isiyo na posho, jioni baada ya jioni, hatuwajui hata kwa sura.

Sasa nirudi kwenye maradhi. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia aitwaye Herbert Freudenberger aliandika makala juu ya hali aliyoiita kuteketea. Watu hudhani aliyaona hayo kwa wakubwa wa makampuni. La. Aliyaona katika kliniki ya bure mjini New York, ambako watu walijitolea kuwahudumia vijana walionaswa na dawa za kulevya. Yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi yake ya kawaida mchana, kisha anakwenda kliniki hiyo hadi usiku mwingi, mpaka naye akaishiwa nguvu. Kwa maneno mengine, jambo hili lilipoingia katika vitabu vya tiba liliingia kwa mlango wa wanaojitolea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema kuteketea si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi. Mimi nasema kujitolea ni kazi, ila haina likizo wala mtu wa kupokezana zamu.

Dalili zake nilizikuta zote kwa mgonjwa wangu. Uchovu ambao hata Jumapili nzima ya kulala haiuondoi. Moyo kuwapoa wale wale aliowapenda: alianza kuwaita wanachama "hawa watu wenu". Na lile lililonisikitisha zaidi, kuona kwamba kila alichofanya kwa miaka sita si kitu. Simu yake ikilia usiku, moyo ulikuwa ukimwenda mbio kabla hajatazama ni nani. Mtu wa namna hii hulala saa nne au tano, hula akiwa njiani, na mazoezi huyaacha kwanza. Usishangae presha ikipanda.

Lakini sitaki umwonee huruma yeye peke yake. Mwaka jana alisafiri kwenda mazishini nyumbani kwao. Sisi tukaona hakuna neno, tutapanda kama kawaida. Kijana wa miaka 19 akaanguka kwenye mteremko wa kuelekea kijito na kuvunjika mtulinga. Nilikuwepo. Niliuning'iniza mkono wake kwa leso ya dada mmoja, kwa sababu sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa katika buti la gari la mwenyekiti, kilomita mia tatu kutoka pale. Nambari ya mlinzi wa msitu ilikuwa katika simu ya mwenyekiti, nayo haikupatikana. Kijia cha mkato cha kufika barabarani alikijua mwenyekiti. Tulitembea na yule kijana muda wa saa moja na nusu. Mtulinga huvumilia. Lau angekuwa amechanika mshipa wa paja, leso isingetosha, na makala haya nisingeyaandika kwa utulivu huu.

Utaona basi kwamba klabu inayobebwa na mtu mmoja ni hatari kwa huyo mtu, na ni hatari kwa wote wanaomfuata. Nasi tulikuwa tumeiita hali hiyo uongozi bora. Kila mwisho wa mwaka tulimpigia makofi na kumchagua tena bila kupinga. Mtu ana baiskeli ya shilingi laki mbili, lakini fyekeo la shilingi mia tano hajawahi kulishika. Mimi ni mmoja wao.

Haki ya Mungu, naye mwenyekiti ana lawama yake. Nimemwona kwa macho yangu akimnyang'anya kijana fyekeo kwa sababu hakufyeka sawasawa. Kijana yule anaendelea kupanda baiskeli nasi, ila siku ya kazi haonekani tena. Wapo viongozi ambao wangependa kusaidiwa lakini hawapendi kuona jambo likifanywa kwa namna isiyo yao. Nilimwambia hivyo waziwazi pale kliniki, naye hakufurahi.

Wako wanaosema tiba ni kumlipa. Siafiki. Kumlipa kijana wa jirani afyeke nyasi na kuondoa matawi ni jambo jema, na alipwe vizuri. Lakini ukimlipa mwenyekiti wa watu arobaini umemfanya kibarua mwenye mabosi arobaini, na wale wasiobeba kitu watajiona wamekwisha kulipa deni lao. Ninachoshauri ni kidogo kuliko hicho, ingawa ni kigumu zaidi: kila anayepanda ashike kazi moja yenye jina. Anayeshika fedha asishike jembe. Anayepokea wageni asishike simu ya dharura. Sanduku la huduma ya kwanza lipande baiskeli, lisikae katika gari la mtu, na nambari za dharura ziwe katika simu zisizopungua tano. Mwenyekiti ahudumu miaka miwili kisha apumzike, hata kama ni hodari. Nadhani hasa kama ni hodari, kwa kuwa huyo ndiye tutakayemmaliza.

Kama uko katika klabu ya namna yoyote, iwe ya kukimbia, ya soka ya watoto mtaani au ya kupanda mlima, jiulize kiongozi wenu akilazwa hospitali wiki sita, ni nani aliye na ufunguo. Na kama kiongozi ni wewe, nenda ukapimwe presha juma hili. Haichukui dakika tano. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine ipimwe tena, kwani kipimo cha siku moja hakitoshi kumhukumu mtu. Kama umefika 180 kwa 120, au unaumwa na kifua, unaona giza, au mkono umekufa ganzi, usingoje siku nyingine. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mgonjwa wangu nilimpima tena baada ya siku tatu, kisha nikamwanzishia dawa, nikampunguzia chumvi na bia. Yale ya klabu tuliyamaliza mkutanoni, kwa kelele kidogo. Mwalimu mmoja mstaafu amechukua fedha. Mimi nimepewa sanduku na kazi ya kukaa nyuma ya msafara, na nimegundua kwamba huko nyuma vumbi ni jingi kuliko nilivyodhani. Juma lililopita presha yake ilikuwa 136 kwa 86. Dawa bado anameza, na analala saa saba. Jumamosi mbili zimepita amepanda baiskeli bila kumngoja mtu. Kazi ya jembe ndiyo ambayo haijapata watu wa kutosha. Tuko watatu, na mvua za vuli zikianza tutahitaji angalau wanane.