Mwalimu wa Kiingereza Ughaibuni Atazeeka kwa Hesabu ya Nani?

Agosti iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alikuja kwangu Migosi, hapa Kisumu, na mkataba wake wa kazi ndani ya bahasha ya kaki. Anafundisha Kiingereza katika shule ya binafsi huko Falme za Kiarabu, na huu ni mwaka wake wa nne. Tulikuwa tumeandaliwa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai ya maziwa. Tukasukuma sahani kando, tukatafuta kifungu kinachoeleza atalipwa nini siku ya kuondoka. Sheria ya kule haina mafumbo: kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 21, na kuanzia mwaka wa 6 ni siku 30 kwa mwaka. Tukapiga hesabu kana kwamba atakaa miaka 10. Siku 255. Yaani miezi minane na nusu, tena ya mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba na ya usafiri haziingii.

"Mwalimu," akaniuliza, "na hiyo miezi ikiisha?"

Nilimfundisha Kiingereza miaka minne na sikumbuki aliwahi kuniuliza swali lililonikaba koo namna ile. Ana miaka 34. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio jingine tunapoambiwa kwamba kazi ziko majuu na vijana wachangamkie. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Fedha hizo huhesabiwa kila mwezi na Benki Kuu na kutangazwa kwa fahari, na zinastahili fahari hiyo. Lakini tunahesabu wanachotuma tu. Watakachokula wakifika miaka 65 hakuna anayekihesabu, na mwalimu anayefundisha Kiingereza ugenini yuko katika hali mbaya zaidi kuliko wengi, kwa sababu kazi yake ni mlolongo wa mikataba ya mwaka mmoja au miwili katika nchi zisizokusudia azeekee kwao.

Kuna wanaosema asiende. Mimi siwezi kumwambia hivyo mwalimu yeyote nikiwa na akili timamu. Mwaka 2023 serikali iliajiri walimu wanagenzi wa sekondari msingi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baada ya makato wengi walibaki na takriban 17,000. Kodi ya nyumba, nauli, mdogo wako anayesubiri karo: zigawe utakavyo, hazitoshi. Anayeondoka hakimbii nchi yake. Amesomea ualimu, ana namba ya Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), na nafasi haikuja.

Ila ni haki ajue anachokiacha. Tangu Januari 2021 mwalimu aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu yumo katika mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma. Yeye hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi na serikali huongeza asilimia 15. Kwa kila shilingi yake moja, mwajiri anaweka mbili, mwezi hadi mwezi, hadi atimize miaka 60. Mwalimu wa Dubai au Bangkok anaweza kulipwa mara tatu ya mwenzake aliyeajiriwa Nyakach, huku kwetu, na bado akafika uzeeni akiwa nyuma yake, kwa kuwa zile shilingi mbili za mwajiri hazimfuati.

Chukua Marekani, ambako walimu wa Kenya huingia kwa viza ya J-1. Viza hiyo humpa miaka 3 na inaweza kuongezwa 2. Katika miaka 2 ya kwanza ya kalenda hakatwi mchango wa pensheni ya taifa. Baada ya hapo anakatwa asilimia 6.2 ya mshahara, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho. Sasa, ili mtu apate pensheni ile anahitaji kuchangia takriban miaka 10. Mwalimu wa J-1 hafiki hata nusu ya njia, haijalishi amefanya kazi kwa bidii kiasi gani. Marekani ina makubaliano na takriban nchi 30 ya kujumlisha miaka aliyochangia mtu huku na kule. Kenya haimo. Basi fedha zile alizokatwa zinakwenda kuwalea wazee wa Marekani, na mwalimu wetu anarudi Kisumu na picha za wanafunzi wake.

China ina afadhali kidogo. Tangu Oktoba 2011 wageni walioajiriwa kihalali wamo katika bima ya jamii. Mfanyakazi hutoa asilimia 8, na hiyo huwekwa katika akaunti yake. Akiondoka moja kwa moja anaweza kudai fungu hilo. Asilimia 16 ya mwajiri huingia katika mfuko wa pamoja na haitoki. Pensheni yenyewe inahitaji miaka 15 ya kuchangia, na kuanzia 2030 kiwango hicho kitapanda polepole kuelekea 20. Nani kati ya walimu wetu atakaa China miaka 20? Julai 2021 Beijing ilibana masomo ya ziada ya kibiashara kwa watoto wa shule, na soko zima la walimu wa Kiingereza likatikisika katika wiki chache. Mtu hawezi kupanga uzee wake juu ya ardhi inayotikisika hivyo.

Halafu kuna suala la pasipoti, ambalo linaniuma kama mtu aliyefundisha lugha hii maisha yake yote. Mpango wa Korea Kusini wa kuwapeleka walimu wa Kiingereza katika shule za serikali una orodha ya nchi saba ambazo raia wake wanahesabiwa kuwa wenye Kiingereza. Kutoka Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Uingereza nayo, ilipofungua mlango Februari 2023 kwa walimu waliosomea nchi tisa zaidi, kutoka Afrika ilizitaja Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kenya haikutajwa. Mtoto wetu anayefanya mitihani yake yote kwa Kiingereza, isipokuwa ile ya lugha nyingine, akifika nje anaambiwa lugha si yake. Hilo si jambo la heshima tu. Mwalimu aliyeachwa nje ya orodha huishia kwa waajiri wasiomtafutia kibali kamili, na pasipo kibali hakuna mchango, hakuna kiinua mgongo, wala mahakama ya kumsikiliza.

Sisi wa umri wangu tuliwahi kuliona jambo hili kutoka upande wa pili. Katika miaka ya 1960 Kiingereza katika shule nyingi za Nyanza kilifundishwa na wageni. Walikuja Waingereza waliolipwa nyongeza na serikali yao kupitia mpango ulioanzishwa mwaka 1961. Walikuja vijana wa Marekani chini ya mradi wa Walimu kwa Afrika Mashariki ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Columbia, na baadaye wale wa Peace Corps, shirika la Marekani la vijana wa kujitolea. Tuliwaona wakipanda baiskeli, wakila samaki kwa mkono, tukadhani wameacha kila kitu. Kumbe kwao kulikuwa na mtu aliyekuwa akiwaandikia hesabu. Sheria ya Marekani ya Peace Corps ya mwaka 1961 iliweka dola 75 kwa kila mwezi wa huduma, za kumpokea kijana atakaporudi. Na kama baadaye aliajiriwa na serikali ya Marekani, miaka yake ya kufundisha chini ya paa la mabati Kenya iliweza kuhesabiwa katika pensheni yake. Uingereza nayo ikatunga sheria mwaka 1973 ya kubeba yenyewe pensheni za maofisa wake waliotumikia ng'ambo, zisiachwe mikononi mwa nchi changa.

Sitaji hayo kwa kinyongo. Wengine walitufundisha vizuri na tunawakumbuka. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba nchi inaweza kumtuma mwalimu mbali na bado ikaishika miaka yake mkononi. Wala si lazima iwe nchi tajiri. Ufilipino, ambayo walimu wake wanashindana na wetu kwa nafasi zile zile za Asia, ina sheria ya mwaka 2018 inayomtaka kila raia wake afanyaye kazi nje, akiwa hajapita miaka 60, awe mwanachama wa hifadhi ya jamii ya nyumbani. Imetia saini makubaliano ya pensheni na nchi kadhaa, zikiwemo Canada, Ujerumani na Uhispania. Hapa kwetu hata Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya hifadhi ya jamii katika nchi mwanachama, lakini mwalimu aliyefundisha Kigali miaka sita hana njia nyepesi ya kuileta michango yake Kisumu. Na Kigali ni karibu mno.

Nikiyasema haya mtaani, jibu ninalopewa ni moja: ajenge. Tembea Migosi uone. Nyumba za ghorofa zimeota palipokuwa na vyumba vinne vya mstari mmoja, na nyingi zimejengwa kwa fedha za watu walio nje. Kodi inaingia kila mwezi na bei ya ploti haijawahi kunishangaza kwa kushuka. Silidharau jibu hilo, hasa kwa mwanafunzi wangu huyu. Kaka yake akistaafu ana dala, boma lake kijijini. Baba yao alishamwonyesha mahali pa kujenga. Yeye ni binti. Katiba ya 2010 inampa haki sawa ya kurithi, lakini mila ya kwetu ilitarajia makao yake yawe kwa mume, na yeye hajaolewa wala haoni haraka. Kwake ploti anayotaka kununua Mamboleo, hapa Kisumu, iandikwe jina lake, ni zaidi ya mradi wa biashara. Ni mahali pekee duniani ambapo hakuna atakayemuuliza amekuja kwa nani. Nilimwambia anunue, na ningemwambia hivyo tena.

Lakini nyumba ya kukodisha inataka macho, naye macho yake yako Ghuba. Inataka anayekusanya kodi, anayeziba bomba, anayemfuata mpangaji wa miezi mitatu asiyelipa. Kwa kawaida huyo ni ndugu, na ndugu naye ana shida zake. Ndipo bati linapogeuka karo, na saruji inakuwa matanga. Sisemi ndugu ni wezi. Nasema mtu mwenye akiba moja tu, inayosimamiwa na mtu mmoja tu, hajajiwekea uzee.

Ndiyo maana nikamweleza habari za NSSF, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii. Mchango wa hiari unaweza kulipwa hata na aliye nje, kwa simu. Akiweka shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 26 iliyobaki hadi 60, atakuwa ametia 3,120,000 kabla ya faida. Mfumuko wa bei utaila sehemu, najua. Hata hivyo ni fedha ambazo ndugu hawezi kuzigeuza karo wala matanga. Kwa serikali, ombi langu ni dogo kuliko zile dola bilioni 4.9: kila inapokaa mezani kusaini mkataba wa ajira na nchi nyingine, suala la pensheni liwe katika rasimu ya kwanza, na mwalimu anayeondoka kihalali asajiliwe katika hifadhi ya nyumbani kabla hajapanda ndege.

Mwanafunzi wangu alisikiliza, kisha akakumbuka jambo. Kabla ya kwenda Ghuba alifundisha miaka mitatu katika shule moja ya huku kwetu, akilipwa na bodi ya shule, na kila mwezi alikatwa NSSF. Akatoa simu, akaomba taarifa ya michango yake. Tulingoja ujumbe ule huku chai ikipoa. Katika miezi 36, iliyoingizwa ilikuwa 11. Akaipiga picha skrini ya simu, akairudisha bahasha ya kaki katika mkoba, akaniuliza ofisi ya NSSF hapa Kisumu hufunguliwa saa ngapi, maana ndege yake ilikuwa ya kesho yake jioni.