Sita bila: Mechi ilipotea kabla ya basi kutoka Kitui

Kabla hujamaliza kuandika kwamba kocha afukuzwe, hebu tuongee kidogo.

Matokeo uliyaona. Chuo kimoja cha hapa Kitui kilivuka Mto Athi Jumamosi iliyopita kwenda kufungua msimu na wenzao wa Makueni, huko Kibwezi, na kikarudi na mabao sita. Sita kwa bila. Saa moja jioni simu zilikuwa zimejaa vichekesho, vingi vya kipa. Chuo chenyewe sikitaji. Vijana wale wametajwa vya kutosha, na haya ninayosema yangeweza kuwa ya chuo chako.

Nilikuwa pale uwanjani, kwa hivyo nikupe kitu ambacho simu haikukuonyesha: hadi mapumziko ilikuwa moja bila. Kitui walikuwa wamegonga mwamba mara moja, na winga wao wa kulia alikuwa anamsumbua beki wa wenyeji hadi beki akaonyeshwa kadi ya njano. Ilikuwa mechi. Mara tu baada ya mapumziko likaingia la pili kupitia kona. Halafu kuanzia kama dakika ya 60 mambo yakaharibika kabisa. Yule winga aliyekuwa moto akawa anasimama na mikono magotini. Beki wa kushoto misuli ikamkaza, akalala chini mara mbili. Yakaingia manne zaidi, moja likiwa la kona tena, kwa njia ileile: mabeki wawili wanatazamana kila mmoja akidhani mshambuliaji ni wa mwenzake, kama watu wanaongojeana kulipa bili hotelini.

Sasa niambie, hapo kosa la kipa ni lipi?

Timu ikifungwa mabao manne ndani ya nusu saa ya mwisho, hiyo si hadithi ya kipaji. Ni miguu imeisha. Na ikifungwa kona mbili zinazofanana, ujue hakuna aliyewahi kusimama nao mazoezini akasema wewe mshike huyu, wewe linda mlingoti wa kwanza. Vitu hivyo viwili, pumzi na kuelewana, havinunuliwi siku ya mechi. Vinatengenezwa wiki nyingi kabla, na wiki hizo ndizo hazikuwepo.

Nilikaa na wachezaji watatu baadaye, nikauliza timu ilianza mazoezi lini. Siku tisa kabla ya mechi! Kabla ya hapo timu ilikuwa grupu ya WhatsApp. Nahodha na beki wa kati wa msimu uliopita wako atachimenti, mmoja Nairobi, mwingine Mombasa. Wengine wawili wamehitimu. Waliojazwa kwenye nafasi zao ni wa mwaka wa kwanza, na baadhi yao hata kitambulisho cha chuo walikuwa bado hawajapata, kwa hivyo wakabaki nje ya orodha. Kwenye benchi kulikuwa na watu watatu, mmoja wao kipa wa akiba. Sheria za leo zinaruhusu kubadilisha hadi watano. Kocha angemwingiza nani, dereva wa basi?

Hao wa Makueni usidhani wana pesa. Uwanja wao ni vumbi tupu na jezi zao zimepauka. Tofauti ni kwamba vijana wao wengi ni wa hapohapo Kibwezi, Makindu na Mtito Andei, na likizo nzima walikuwa wanacheza pamoja kwenye vikombe vya vijijini. Chuo kilipofunguliwa, timu tayari ilikuwa inajuana. Winga alikuwa anapiga krosi bila kuinua macho kwa sababu anajua mtu wake atakuwa wapi. Hiyo haikumgharimu mtu yeyote shilingi.

Na Kitui? Kitui walikuwa na jezi mpya. Nzuri kweli, sitadanganya. Picha zilipostiwa wiki nzima kabla ya mechi. Lakini asubuhi ya mechi basi lilichelewa, vijana wakapanda na chai na mandazi mawili tumboni, wakapita Mutomo na Ikutha, wakafika Kibwezi ikiwa imebaki nusu saa. Wakapasha misuli kama dakika kumi, nusu yake wakipiga selfi. Kuna programu ya kupasha misuli inayoitwa FIFA 11+. Inachukua takriban dakika 20, ni ya bure, na imeundwa hasa kupunguza majeraha. Haihitaji jezi mpya.

Joto usinitajie. Kibwezi kuna joto, sawa, lakini Kitui nayo si Limuru.

Halafu kuna wale wa kufariji: "Hata Argentina walianza Kombe la Dunia 2022 kwa kupigwa na Saudi Arabia na bado wakalibeba." Ni kweli. Lakini Argentina walifika Qatar wakiwa hawajashindwa mechi 36. Walikuwa na timu, wakapata siku mbaya. Sisi siku mbaya tunayo, timu ndiyo tunatafuta. Kama unataka mfano wa karibu, chukua Harambee Stars ya 2019. Walipiga kambi Ufaransa kabla ya kwenda Misri kwa AFCON, na bado Algeria wakawafunga 2-0 mechi ya kwanza. Siku nne baadaye wakatoka nyuma mara mbili wakaipiga Tanzania 3-2. Kambi haikuzuia kipigo cha kwanza, kwa sababu Algeria hao ndio waliokuja kutwaa kombe lenyewe. Ila iliwapa miguu ya kukimbia hadi mwisho wa mechi ya pili. Siku tisa hazikupi hivyo.

Na ukitaka kujua wenzetu hufanyaje, angalia vyuo vya Marekani, ingawa mpira wao ni ule wa kubeba mikononi. Wachezaji hurudi chuoni wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza, wanalala na kula huko wakifanya mazoezi. Hatuna pesa zao na sizitamani. Ninachotamani ni kalenda yao: timu kwanza, mechi baadaye.

Kwa hivyo kocha. Unajua huyo unayetaka afukuzwe ndiye pia anayesimamia voliboli, riadha na netiboli? Mwajiri wake anampa siku tisa na mipira minne, halafu sisi tunamwambia hana mbinu. Fukuza, lete mwingine, mpe siku tisa zilezile, tuone.

Swali lenye maana ni la pesa. Wanafunzi wa vyuo vingi hulipa ada ya michezo, imo kwenye orodha ya karo pamoja na ya maktaba na ya matibabu. Mimi niliilipa mihula mitatu kabla ya kuacha chuo, na sikuwahi kusikia mtu akieleza ilienda wapi. Makomredi hupigania sana fedha za HELB, na ni haki yao, lakini ada hii hupita kimya kimya. Wanafunzi wangapi walilipa? Jumla ni ngapi? Kandanda ilipata ngapi, na kwa nini ilitosha kununua jezi ikakosa kutosha kulisha vijana 22 muthokoi kwa wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa?

Na usiniambie hayo ni ya wakubwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa taasisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Chuo cha umma ni taasisi ya umma. Unaandika barua kwa mkuu wa chuo, unasema wazi unachotaka kujua, unaweka tarehe na kubaki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, unaenda kwa Ombudsman. Kiongozi wako wa wanafunzi aliyepiga picha na jezi mpya anaweza kuiandika barua hiyo kesho, ni ukurasa mmoja tu.

Yule kipa ana miaka 19, ni wa mwaka wa kwanza, na aliokoa mikwaju mitano ambayo ingefanya matokeo kuwa aibu ya karne. Jumatatu alimwambia kocha harudi tena. Kocha amemwomba aje mazoezini angalau Alhamisi. Mechi ijayo ni nyumbani baada ya wiki mbili, na kipa wa akiba ana jeraha la kidole. Wewe uliyetengeneza ile picha yake akiwa amevaa aproni ya hoteli, unaijua namba yake ya simu. Mpigie kabla ya Alhamisi.